Mbili ya Shupaza: Uhakiki wa Karata ya Kusita

Katika karata 78 za taroti imo moja ambayo wafasiri wake wa siku hizi huipa maana ya kusita: mtu yu baina ya mambo mawili, wala hajui ashike lipi. Jina lake la Kiingereza lataja mbili na upanga. Na mfasiri wa Kiswahili, akitakiwa kuiingiza karata hiyo katika lugha yake, upesi huandika "Mbili ya Panga", na chini yake "kutoweza kuamua". Tafsiri hiyo yaonekana sahihi, na wengi wataipokea bila neno. Makusudi ya uhakiki huu ni kuonyesha kwamba ina makosa mawili, moja la jina na moja la maana. Lile la jina ni dogo, lakini lapendeza kulichungua. Lile la maana ni kubwa, kwa kuwa laweza kumdhuru mtu aliyeiendea karata hali ana shauri zito mikononi.

Kwanza jina. Mswahili hana haja ya kubuni jina la karata hii, maana analo tangu zamani. Wachezaji wa karata wa Mwambao hutaja jamii nne: shupaza, kopa, uru na pao. Maneno yote manne ni ya Kireno. Kopa ni "copas", yaani vikombe. Uru ni "ouros", dhahabu. Pao ni "paus", fimbo au magongo. Na shupaza ni "espadas", yaani panga. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakafukuzwa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728, kisha wakaondoka moja kwa moja. Miongoni mwa machache waliyoyaacha katika lugha ni meza, gereza, leso, bendera, na karata zenyewe kwa jina lake.

Ajabu iliyopo ni hii. Karata ambazo Mswahili huzichezea leo zina alama za Kifaransa: moyo mwekundu, jiwe jekundu, ua jeusi, na kile kijani cheusi chenye kikonyo. Hakuna kikombe kinachoonekana katika kopa, wala upanga katika shupaza. Majina yamebaki ya karata za kale za nchi za kusini ya Ulaya, ambazo alama zake zilikuwa vikombe, sarafu, magongo na panga za kweli. Na karata hizo za kale ndizo mama wa taroti. Jamii nne za taroti ni zile zile nne, hazikubadilika. Basi Mswahili asemapo shupaza anataja upanga pasipo kujua, na karata inayohakikiwa hapa si "Mbili ya Panga" bali ni mbili ya shupaza tu, jina ambalo mchezaji yeyote barazani angelifahamu mara moja.

Umbo la neno lenyewe lastahili kutazamwa. Irabu ya mwanzo ya "espadas" imeanguka. S iliyotangulia p imekuwa sh, kama isikikavyo katika Kireno cha Lisbon. U imetiwa katikati ili kuvunja konsonanti mbili zilizofuatana, na ni u hasa kwa sababu ya p inayoifuata, ambayo hutamkwa kwa midomo. Na d laini ya Kireno, inayokaribia dh, imekuwa z. Hakuna hatua hata moja hapo iliyo ngeni kwa mwanafunzi wa sauti za Kiswahili. Huonekana wazi kwamba neno liliingia kwa sikio la wachezaji, si kwa jicho la wasomi.

Vivyo hivyo "turufu". Neno hilo ni Kireno "trunfo", na Kireno kimelipata kutoka Kiitalia "trionfo", ushindi. Katika karne ya 15, huko Milan na Ferrara, karata 22 za picha zilizoongezwa juu ya zile 56 za kawaida ziliitwa kwa jina hilo hilo, kabla ya neno taroti halijatumika. Kwa hiyo mwandishi wa gazeti anayesema kwamba mwanasiasa fulani "amecheza karata ya turufu" anatumia, bila kujua, jina la kwanza la taroti. Mfasiri anayeacha maneno haya na kwenda kuunda mengine mapya anaiacha hazina ya nyumbani kwake akaenda kukopa kwa jirani.

Isitoshe, "panga mbili" ina utata wake. Upanga na panga ni vitu viwili. Cha kwanza ni silaha ya vita. Cha pili ni chombo cha shambani. Wingi wa upanga ni panga, na huyo panga wa shambani naye ni panga, ijapokuwa wingi wake ni mapanga. Mtu wa Kisondela, katika wilaya ya Rungwe, ambako panga hutoka nyumbani kila asubuhi kwenda migombani, akisikia "Mbili ya Panga" ataona mbele ya macho yake chombo cha kukatia majani ya migomba, naye hana kosa.

Sasa maana. Picha inayojulikana leo ilitolewa London mwaka 1909 na kampuni ya Rider. Aliyeichora ni Pamela Colman Smith, na aliyemwelekeza ni Arthur Edward Waite. Katika karata za kale, zile za Marseille kwa mfano, mbili ya shupaza haikuwa na mtu ndani yake: panga mbili zilizopinda, na ua katikati, basi. Colman Smith aliweka mwanamke. Ameketi juu ya kiti cha jiwe, amefungwa kitambaa machoni, mikono yake imepishana kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu uliolala begani, ncha zikielekea juu na nje. Nyuma yake kuna maji yenye miamba iliyojitokeza, na juu mwezi mwembamba.

Anayeitazama picha hiyo leo huambiwa: mwanamke huyu hawezi kuamua. Lakini Waite hakusema hivyo. Katika kitabu chake kilichotoka na picha mwaka 1911 aliipa karata maana ya ulinganifu, ushujaa, urafiki, na mapatano ya watu ambao bado wamebeba silaha. Akaongeza maana nyingine ya upole na mapenzi. Na karata ikitoka kichwa chini, maana yake ni uongo na hiana. Chama cha siri alichokuwamo kiliita karata hiyo, kwa maana, amani iliyorejeshwa. Kusita hakumo kabisa. (Waite mwenyewe, tukio la kuchekesha, aliandika maana zaidi ya moja bila kuchagua iliyo bora, huenda yeye ndiye aliyesita kuliko mwanamke wake.)

Basi kusita kumetoka wapi? Kumetoka katika picha. Mwandishi alisema jambo moja, mchoraji akachora jingine, na wasomaji wa vizazi vilivyofuata walimwamini mchoraji. Kitambaa machoni, mikono iliyofunga kifua, silaha mbili zenye uzito sawa: nani asingeona mtu aliyekwama? Vitabu vya nusu ya pili ya karne ya 20 viliifuata picha, na leo maana ya Waite hujulikana na wachache. Hapana haja ya kulalamika kwa hilo. Karata hazina maana iliyoshuka kutoka mbinguni. Zilichezewa kwa zaidi ya miaka mia tatu kabla Mfaransa Court de Gébelin hajadai, mwaka 1781, kwamba ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale, dai ambalo halikuwa na ushahidi wowote. Maana ya karata ni mapatano ya wasomaji, kama ilivyo maana ya neno. Lakini mapatano hayo yafaa yahakikiwe, na Kiswahili kina vyombo vizuri vya kuyahakiki.

Chombo cha kwanza ni kitenzi "amua". Watu wengi hukisikia leo kwa maana ya kuchagua: nimeamua kwenda, nimeamua kubaki. Maana yake iliyo karibu na shina ni kutenganisha wanaopigana. Watoto wakishikana njiani, mtu mzima huenda kuwaamua. Hakuchagua lolote, amesimama katikati tu, akashika mikono ya huyu na mikono ya yule. Maana ya kuhukumu ilifuata baadaye, kwa kuwa anayewatenga wagomvi ndiye atakayeulizwa nani mwenye haki. Mwamuzi ni mtu wa katikati kabla ya kuwa mtu wa hukumu.

Ikiwa hivyo ndivyo, picha ya Colman Smith yageuka mbele ya macho ya msomaji wa Kiswahili. Mwanamke huyu amezishika panga zote mbili. Hakuna mwingine katika picha mwenye silaha. Waliokuwa wakipigana, wawe nani, hawana tena cha kupigania. Silaha zao zimo mikononi mwake, zimepishana kifuani pake, naye amejifunga macho asije akapendelea sura. Huyo ameamua kwa maana ya kwanza ya neno. Kilichobaki ni kuamua kwa maana ya pili. Kumwita mtu asiyeweza kuamua ni kutoielewa picha na kutoielewa lugha kwa wakati mmoja. Na maana ya Waite ya mapatano chini ya silaha, ambayo kwa Kiingereza haionekani kirahisi katika picha, kwa Kiswahili yasimama mbele kabisa.

Chombo cha pili ni "kata shauri". Uamuzi katika Kiswahili ni mkato: shauri hukatwa, kesi hukatwa, maneno hukatwa. Kilatini nacho kililiona jambo hili hivyo hivyo, maana neno la Kiingereza la kuamua limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kukata. Basi upanga si pambo katika karata hii. Ni chombo chenyewe cha uamuzi. Mwanamke ana makali mawili ya kukatia, na hakuna lililokatwa. Taabu yake si uhaba wa uwezo. Ana uwezo mara mbili ya unaohitajika.

Chombo cha tatu ni "sita" yenyewe. Kusita ni kusimama katikati ya mwendo au ya neno. Msemaji husita, punda husita mbele ya daraja. Lakini katika lahaja za kaskazini na katika lugha ya ushairi kitenzi chenye umbo hilo hilo kina maana ya kuficha. Kama ni neno moja au ni mawili yaliyokutana kwa sauti, hilo ni suala jingine. Sikio la mshairi halikuwahi kuyatenganisha. Asitaye ana kitu alichokifunika. Kitambaa cha mwanamke hufanya kazi zote mbili kwa pamoja: kinamzuia kutembea, na kinamfunika. Kwa sababu hiyo "karata ya kusita" ni jina bora kuliko "karata ya kutoweza kuamua". La pili lataja upungufu tu. La kwanza lataja tendo.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili tayari kina picha yake ya kusita, nayo ni fisi. Njia mbili zilimshinda fisi: alisikia harufu ya nyama kushoto na kulia, akataka miguu yake ishike njia zote mbili, akapasuka. Methali hii hutajwa kila mara mtu anapochelewa kuchagua. Lakini kusita kwake si kusita kwa mwanamke wa karata. Fisi hakusimama hata kidogo. Alikwenda, tena upande wa kulia na upande wa kushoto kwa wakati mmoja. Kilichompasua ni uroho. Mwanamke hana harufu inayomvuta, wala hasogei. Mwalimu anayemfundisha kijana karata hii kwa methali ya fisi anamtukana mtu aliyesita kwa haki.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na mfano wa Kisondela wafaa kulieleza. Kisondela haina mapokeo ya taroti, wala hakuna sababu ya kudai kwamba inayo. Ina mashauri mazito, na hayo ndiyo huwapeleka watu kwenye karata, kwenye ramli, au kwa mzee wa ukoo. Mkulima wa huko anaweza kuwa na mchai aliourithi. Mchai ukitunzwa huishi zaidi ya miaka 50, na huchumwa tena na tena mwaka mzima. Fedha yake ni ndogo lakini huja. Katika miaka ya karibuni parachichi la Hass limeenea Rungwe. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na tunda lake husafirishwa mbali. Kung'oa mchai ni kazi ya siku chache. Kuurudisha ni kazi ya miaka. Mkulima huyo anakaa baina ya panga mbili, na kila moja ni kali. Anasita msimu mmoja, anasita wa pili. Jirani humwita mwoga, na kijana wake aliye Mbeya humwambia kwa simu, "Baba, kata shauri." Ikiwa karata itamwambia kwamba ugonjwa wake ni kutoweza kuamua, itakuwa imejiunga na jirani. Itamsukuma kwenye mkato kabla hajajua bei, maji, na nguvu za mikono aliyo nayo nyumbani.

Ukanda huo huo ulikuwa na njia kali ya kuondoa shaka. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Rungwe baina ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari za umwafi, kiapo cha kunywa dawa. Maelezo hayo yamo katika kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Neno hilo ni ndugu wa mwavi wa Kiswahili. Watu walipotuhumiana uchawi na mji ukagawanyika, walikunywa. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia, na asiyetapika alikuwa ameshika hatia tumboni mwake. Utawala wa kikoloni uliupiga marufuku. Mtu aweza kuuangalia umwafi kama ujinga wa kale na kuupita. Lakini kazi yake katika mji uliosita ilikuwa dhahiri: uliondoa kusita. Mji ambao haukuweza kubeba panga mbili kwa wiki moja zaidi ulizitia zote katika kikombe kimoja, na tumbo la mtu likawa hakimu. Hapo kukata shauri kulikuja upesi, na ukweli haukujulikana zaidi ya ulivyojulikana jana yake.

Ramli ya Mwambao ni ya taratibu zaidi. Mpiga ramli hutia nukta pasipo kuhesabu, kisha huzitoa mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili; kwa hizo hujenga maumbo 16. Waandishi wa Ulaya walioifuata elimu hiyo ya Waarabu huliita umbo la 15 hakimu, nalo huzaliwa na maumbo mawili yanayoitwa mashahidi. Jambo la hesabu ambalo kila mpigaji hulifahamu kwa mkono wake ni kwamba nukta za hakimu huyo haziwi witiri kamwe. Daima ni shufwa. Zikiwa witiri, kuna kosa katika kazi na lazima ianzwe upya. Ramli, kwa hiyo, ina hakimu ambaye idadi yake hugawika mara mbili sawasawa, na mashahidi wawili nyuma yake. Huyo ni jamaa wa karibu wa mwanamke wa mbili ya shupaza kuliko alivyo fisi.

Haifai, hata hivyo, kumsifu mwanamke kupita kiasi. Colman Smith alichora mikono ambayo haiwezi kukaa hivyo muda mrefu. Panga ndefu zilizoshikwa kwa mikono iliyopishana huchosha upesi, na msomaji wa Kisondela, anayejua uzito wa chuma mkononi baada ya saa moja ya kazi, ataliona hilo kabla ya msomi. Kusita kuna muda wake. Karata haionyeshi muda huo umebaki kiasi gani, na huo ndio upungufu wake wa kweli: picha imesimama, nayo hali inayoielezea haisimami. Vitabu vya siku hizi hujaribu kuuziba upungufu huo kwa kumwambia mwulizaji avue kitambaa. Ushauri huo una haraka. Anayevua kitambaa huku mikono yake imepishana atalazimika kwanza kuuweka upanga mmoja chini, na kuuweka upanga chini ni kuchagua kabla ya kuona.

Jambo moja katika picha halijapata mfafanuzi wa kutosha, nalo ni mwezi. Vitabu huuita alama ya siri au ya hisia, wakauacha hapo. Kwa msomaji wa Mwambao mwezi mwembamba juu ya maji si alama ya siri. Ni mwezi mwandamo, na una kazi maalumu. Kufunga na kufungua huamuliwa kwa kuuona, na kuuona kwataka macho ya mashahidi wenye kuaminika. Mwaka hadi mwaka mji mmoja hufungua na mwingine hungoja, na mabishano huwa makali. Mwanamke wa mbili ya shupaza ameupa mwezi huo mgongo, na macho yake yamefungwa. Vyovyote atakavyoamua juu ya panga alizozishika, usiku huu hawezi kuwa shahidi wa mwezi.